Lenzi ya Chumba cha Ndani

Grupu la Macho ya Unyanyembe lilikuwa na sheria kumi na moja, na iliyofuatwa ilikuwa moja. Usitume salamu za asubuhi zenye maua: zilitumwa kila siku. Usitangaze viwanja: vilitangazwa. Usibishane kuhusu kamera ipi bora kuliko ipi: hapo ndipo wanachama wote thelathini na wawili walipoonekana kuwa hai. Lakini ukitaka kumuuzia mwenzako kifaa, uwe nani na uwe na haraka gani, ni lazima ukifungue mbele ya watu.

Kufungua ni hivi. Unatandika kitambaa. Unaweka kifaa juu yake. Unataja kasoro zake kwa mdomo wako mwenyewe kabla hujaulizwa, hata zile ambazo hakuna ambaye angeziona. Halafu unaonesha picha tatu ulizopiga nacho, picha za kazi, zenye tarehe, si za kuku uliyemkuta uani asubuhi ile. Baada ya hapo ndipo wengine wanaruhusiwa kusema. Sheria hiyo aliitunga Adinani, mwenyekiti, baada ya Justus kununua lenzi kwa mtu aliyeshuka na treni na kuondoka na treni, na alipoimulika nyumbani akakuta kuvu imetambaa ndani ya kioo. Justus hakuongea wiki nzima. Tangu hapo hakuna mwanachama aliyeuza bila kufungua, na hakuna aliyelizwa.

Batuli aliipenda sheria hiyo. Siku inapitishwa, mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooshwa. Kwa hiyo Jumamosi alasiri, alipokwisha kutangaza kwenye grupu kwamba anauza lenzi yake ya themanini na tano na ataifungua kesho kwenye matembezi, akaketi kitandani na kompyuta mapajani kuchagua zile picha tatu, alijikuta anajitukana kwa sauti. Picha zilikuwapo, zaidi ya elfu nne. Hakukuwa na hata moja ambayo angeweza kumwonesha mwanamume.

Maana Batuli alikuwa mpigapicha wa wanawake. Si kwamba aliwakataa wanaume; harusi za mtaa wa Mtendeni, pale Tabora, ndizo zilizompanga hivyo. Kwenye harusi za pale kuna uwanjani, ambako wapigapicha wa kiume hukimbizana na bwana harusi, na kuna chumba cha ndani, ambako bibi harusi anapakwa hina nywele zikiwa wazi, na shangazi zake wanacheza kwa namna ambayo kesho yake wataikana. Huko mwanamume haingii. Kwa miaka tisa, aliyeingia na kamera ni Batuli.

Chumba chenyewe huwa na dirisha moja lenye pazia zito, udi unafuka, na ukiwasha flashi umeharibu kila kitu: hina inapauka, na wanawake wanakumbuka kwamba wapo mbele ya kamera. Ndiyo maana alijinyima miaka miwili mizima akanunua ile lenzi ya milimita themanini na tano, yenye tundu pana linalookota hata kile kimwanga kinachopita chini ya mlango. Alikuwa anakaa nayo kwenye kona, kimya, mpaka wanamsahau. Nje hakuitoa kamwe. Treni, malori ya tumbaku, watoto wa shule kwenye paredi, vyote alivipiga kwa lenzi ndogo ya hamsini aliyoinunua pamoja na kamera. Themanini na tano ilikuwa ya ndani tu, na kosa lake lilikuwa hilo. Hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku ataiuza.

Na kwa nini auze kitu anachokipenda namna hiyo? Kwa sababu ya kabati la kioo.

Batuli hakuwa na printa. Picha zake zilichapwa kwa Adinani, ambaye studio yake ilikuwa na karatasi nzuri na rangi isiyochuja, na sifa hiyo tusimnyime. Miezi mitatu nyuma alipeleka picha za harusi ya Shamila. Alipokwenda kuzichukua alimkuta Shamila ndani ya kabati la kioo pale mlangoni, mkubwa kama kalenda, nywele mabegani, hina mpaka kwenye kiwiko, anacheka kwa meno yote. Alikuwa amekaa hapo siku tatu. Baba yake mdogo alimwona akienda kuswali adhuhuri. Adinani aliitoa picha alipoambiwa, lakini radhi hakuomba. "Picha nzuri ni tangazo," alisema. "Na wewe nimekutangaza hapo, tena bure."

Wanawake hawakumwendea Adinani. Walimwita Batuli. Bi Tunu, shangazi yake Shamila, ambaye neno lake ndilo linalofungua na kufunga milango ya harusi nusu ya Mtendeni, alimkalisha kwenye mkeka akamwambia bila kupandisha sauti: "Mwanangu, sisi tulivua mitandio mbele yako, hatukuvua mbele ya mji. Safari hii tumekusamehe. Picha ya ndani ikionwa tena na mwanamume, yeyote, kwa sababu yoyote, usihangaike kuja kupiga hodi."

Batuli aliapa. Alitoka pale mashavu yakimwaka kwa aibu ya kosa ambalo hakulifanya, na njiani akaapa mara ya pili, peke yake: picha zile hazitapita tena mkononi mwa Adinani wala mwanamume mwingine. Atazichapa mwenyewe, chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Printa alikwisha kuipata. Leonia, aliyekuwa akipiga picha za paspoti jirani na stesheni ya Bukene, alikuwa anafunga kibanda arudi kulima mpunga, na printa yake ilikuwa nzima. Alikubali kumshikia mpaka Jumapili saa sita mchana. Ikipita hapo, kulikuwa na mtu wa Nzega anayeitaka. Lenzi isipouzwa, printa hakuna; gizani angejibana na ile hamsini. Printa isipokuwapo, harusi mbili za mwezi ule zingerudi kwa Adinani na kabati lake. Batuli alisema kuliko hilo, afadhali auze vitumbua.

Sasa lenzi hiyo aiuze kwa kuonesha kile kile ambacho anaiuza ili akifiche. Aliicheka hali yake, cheko la hasira, akafunga kompyuta.

*

Matembezi ya mwezi ule yalifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara. Watu saba walijitokeza, kila mmoja na kamera shingoni, na walitembea kwa mwendo wa wapigapicha, yaani hawakutembea. Kila kichaka kilisimamisha mtu. Saa nne wakawa wamefika dukani kwa Ngassa, mtu wa Igunga aliyeuza asali kando ya njia na kupiga picha za ng'ombe kwa mapenzi tu.

"Mwangaluka, dada Batuli!" Ngassa aliamkia Kisukuma kutoka barazani. "Pita, kiti kipo."

Adinani alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti pekee chenye mikono, kofia ya kiua imenyooka, ndevu nyeusi tii. Umri wake ulikuwa mada kwenye grupu pale tu asipokuwapo. Mwenyewe alisema arobaini na minane, na alikuwa amesema hivyo kwa miaka kadhaa. Jambo moja watu walijifunza mapema: ukimwamkia shikamoo, alikujibu "salama, salama," na siku hiyo hukuwa na bahati kwake tena. Kwa hiyo Batuli, aliyekuwa na miaka thelathini na saba na malezi yake kamili, alisema kama wengine wote, "Habari za asubuhi, Kaka Adinani."

"Njema, Batuli. Nasikia leo tunafunguliwa kitu."

Alitandika kipande cha kanga kwenye benchi, akaweka lenzi juu.

"Kasoro ya kwanza," alisema, "huu mkwaruzo hapa ubavuni. Iligonga mlango wa chuma harusini Ntalikwa. Kioo hakikuguswa. Ya pili, pete ya kulengea ni nzito kidogo ukianza kuizungusha, ni moshi wa udi. Ya tatu, hili doa jekundu ni hina. Nimelisugua, halitoki. Na yenyewe inanukia udi mpaka kesho. Asiyependa udi asinunue."

Watu wakacheka. Kornel, mwalimu wa fizikia aliyepiga picha za ndege na kuzungumza kwa upole kama anayeogopa wataruka, aliichukua lenzi, akaimulika kwa tochi ya simu, mbele, nyuma, na kwa pembeni.

"Safi," alisema. "Kuvu hamna. Vumbi la kawaida. Unataka laki sita?"

"Laki sita."

"Mimi ninayo sababu ya kuitaka. Mama yangu kule Nzega siku hizi hatoki nje, na chumba chake kina giza. Ndege nimewapiga vya kutosha, sasa nataka kumpiga mama picha."

Batuli akamtazama Kornel kwa moyo mweupe. Angeondoka nayo palepale. Lakini Adinani aligonga kiti chake kwa kidole mara mbili.

"Picha," alisema.

Batuli akatoa simu na kuonesha alizokuwa nazo: mlango wa kuchongwa wa jirani, sahani ya vitumbua, na kuku. Ndiyo, kuku. Alikuwa amewapiga saa kumi na mbili asubuhi ile, akiwa na haya zake.

"Za lini hizi?"

"Za leo."

"Za leo!" Adinani akawageukia wengine kama mtu anayeita mashahidi. "Za leo, tena kwenye simu. Nitajuaje kama zimepigwa na hii? Wewe una lenzi nyingine. Batuli, sheria unaijua. Picha za kazi. Una miaka minne na hii lenzi, usiniambie huna."

"Ninazo. Siwezi kuzionesha."

"Kwa nini?"

"Ni za chumba cha ndani. Unajua kwa nini."

Kisha mtu mmoja akacheka puani, mwingine akajifanya anasafisha kamera. Adinani akaegemea nyuma, sauti yake ikawa ya kumbembeleza mtoto.

"Dada yangu, sisi hapa ni mafundi. Hatuangalii wanawake, tunaangalia ukali wa picha. Daktari akikutazama ulimi, amekutazama wewe?"

"Ulimi wangu nampelekea mwenyewe."

Hapo Kornel akaingia kati, na kwa sababu alikuwa mtu mwema ndiyo maana alikuwa wa hatari zaidi. "Batuli, si lazima iwe sura. Tuoneshe mkono tu. Mkono wenye hina, hakuna atakayejua wa nani, tukaona ukali, tukamaliza."

Mkono aliokuwa nao Batuli ulikuwa wa Shamila, umelala juu ya mto mweupe, hina bado mbichi, na ukali wake ni kwamba ungeweza kuhesabu vinyweleo. Picha ile ingemaliza ubishi wote. Simu yake ikatetema. Leonia: *Dada, yule wa Nzega ameshafika, yupo hapa kwangu. Nimwambieje?* Saa ilikuwa tano kasoro.

Alikiri moyoni kwamba alitaka. Mkono tu. Nani angejua? Lakini fundi wa hina alikuwa amemchora Shamila maua ya namna yake, na mume wa Shamila, na baba yake mdogo, na kaka zake waliuona mkono ule siku ya harusi ukishika kikombe. Dunia ya Mtendeni si kubwa. Na hata kama isingejulikana kamwe, yeye Batuli angejua. Bi Tunu alisema yeyote, kwa sababu yoyote. Hakusema isipokuwa ukiwa na haraka.

"Mkono ni wa mtu, Mwalimu," alisema. "Hautoki."

"Basi unaficha kitu," Adinani alisema, na ule upole ukawa umekwisha. "Mimi nimesikia hii lenzi ilianguka. Sasa unatuambia mkwaruzo tu, eti mlango. Mtu mwenye lenzi nzima anaogopa nini kuonesha picha?"

Kuitwa mwongo, mbele ya watu sita, na mtu aliyemtia Shamila kwenye kioo! Miezi mitatu Batuli alikuwa amelimeza jambo lile, na sasa lilikataa kukaa chini.

"Kaka Adinani, mkeo naye yumo humu." Aligusa begi la kamera. "Alicheza vizuri sana. Nianze na yeye?"

Hakuna aliyecheka. Adinani alisimama, akakaa.

"Mke wangu usimtaje."

"Sijamtaja mahali popote, ndiyo maana ameniruhusu kuingia. Na kila mwanamume wa Mtendeni anasema hivyo hivyo kuhusu wa kwake. Shamila naye ana mume."

"Hayo ya Shamila yamekwisha."

"Kwako."

"Sheria ni sheria," Adinani alisema, na kidole chake kikarudi kwenye kiti. "Picha hakuna, kuuza hakuna. Nitaandika kwenye grupu kwamba lenzi haikufunguliwa. Atakayenunua kwa uficho, akilizwa asije kulia kwangu."

Hicho ndicho kitisho cha kweli. Kikiandikwa hivyo, lenzi ile isingeuzika Tabora, wala Nzega, wala Igunga. Hata Kornel alishusha macho. Batuli akakunja kanga yake. Akakunja pembe moja, akakunja ya pili. Ya tatu hakuifikia.

"Picha tatu," alisema. "Sheria inataka picha tatu za lenzi hii ambazo hazina ujanja. Inasema nani apigwe?"

"Zenye tarehe..."

"Tarehe ni leo na mashahidi ni hawa. Uliogopa za lenzi nyingine. Hii hapa, ifunge kwenye kamera kwa mkono wako mwenyewe. Unataka kuona chumba cha ndani? Ngassa ana chumba cha ndani. Dirisha moja. Ingia, Kaka Adinani. Nitakupiga wewe."

Ngassa akapiga makofi mara moja, akaacha, akijua ni mwenyekiti. Lakini wengine walikwisha kusimama. Na Adinani, tuseme ukweli, hakuchukia kupigwa picha. Alinyoosha kofia. Alipitisha kiganja kwenye ndevu kutoka juu kwenda chini. "Giza la humo," alisema, "hata lenzi mpya ingekoma." Akaingia kifua mbele.

*

Duka kwa ndani lilikuwa madumu ya asali mpaka kwenye dari, harufu ya nta, na dirisha dogo ubavuni. Batuli aliwaacha wengine barazani, akamkalisha Adinani kwenye ndoo iliyofunikwa, akaenda kwenye kona na kuchuchumaa. Hakumwambia aangalie wapi. Hakumwambia atabasamu.

Dakika ya kwanza Adinani alikuwa mwenyekiti. Kidevu juu, jicho moja limefinywa kidogo, kama kwenye picha yake ya wasifu. Batuli hakubonyeza.

"Vipi? Imekwama?"

Hakumjibu. Hivi ndivyo alivyofanya siku zote, na ndiyo kazi yenyewe. Kubonyeza ni mwisho tu. Nyuki mmoja alizunguka juu ya madumu. Dakika ya tatu kidevu kikashuka. Ya tano, Adinani akavua kofia kwa joto, akajifuta paji la uso, akatazama dirishani. Akawaza jambo, Mungu anajua lipi, mabega yakalegea, na uso wake ukawa wa mtu anayekaa peke yake. Batuli akabonyeza mara tatu, taratibu.

"Tayari," alisema.

Akakuza picha kwenye skrini ya kamera mpaka jicho likajaa. Kope moja moja. Akashuka chini kuangalia ndevu, akasimama hapo.

Lenzi ile haikuwa na adabu. Kila unywele wa Adinani ulikuwa mweusi tii kuanzia kwenye ncha, na kila mmoja ulikuwa mweupe pe ulipotoka kwenye ngozi. Mstari mweupe wote, kutoka sikio mpaka sikio. Piko, ile rangi nyeusi ya kufichia mvi, lilikuwa limeshika hata ngozi chini ya taya, madoa ya kijivu yaliyosuguliwa yakagoma, kama hina kwenye pete ya lenzi. Na juu ya kipara, ambacho hakuna mwanachama aliyewahi kukiona, kulikuwa na vimvi vichache vilivyochanwa kwa uangalifu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ilikuwa sura ya mzee mzuri. Mzee wa miaka sitini na kitu, amechoka, ana macho ya upole ambayo mchana kutwa huyafinya.

Adinani alikuja kuchungulia begani kwake. Alitazama.

"Futa," alinong'ona.

"Nini?"

"Batuli. Futa hiyo."

Barazani wakaanza kupiga kelele. "Vipi huko? Inaona au haioni?" "Tuoneshe!" Ngassa alikuwa tayari mlangoni.

Batuli akazima skrini. Alitoka na kamera imebanwa kifuani, Adinani nyuma yake akivaa kofia kwa mikono miwili. Watu sita wakanyoosha shingo, mwenye miwani akaivaa. Picha tatu zilikuwa humo, kali kuliko zote zilizowahi kuoneshwa kwenye grupu lile. Kubonyeza kitufe kimoja tu, lenzi imeuzwa, Shamila amelipiziwa kisasi, na mwenyekiti hatashika tena kiti chenye mikono. Batuli aliijua nguvu ile mkononi mwake na, hakuna haja ya kuficha, aliifurahia.

Kisha akamgeukia Adinani.

"Mwenye picha ni wewe," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Niwaoneshe?"

Adinani alitazama njia, akatazama madumu, akatazama viatu vyake.

"Hapana," alisema.

"Lakini sheria..." Ngassa alianza.

"Nimesema hapana!" Halafu chini zaidi, "Ni picha yangu. Hamna sababu ya kuiona."

Neno lile lilikaa pale barazani, na yeye mwenyewe alilisikia. Batuli hakulichukua. Alimwachia.

"Basi mwenyekiti aseme," alisema. "Ameiona kwa macho yake. Lenzi ikoje?"

"Inaona," Adinani alisema. "Inaona mno. Kasoro nyingine haina. Imefunguliwa."

Kornel ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alianza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, mpaka akavua miwani. "Jamani," alisema, "lenzi iliyomtisha Adinani namna hii, mimi nataka picha ya nini tena? Ninunue tu." Akatoa simu kutuma pesa palepale, na baraza zima likaangua kicheko, hata yule wa kusafisha kamera. Batuli alipomkabidhi lenzi na kile kipande cha kanga, vidole vyake vilikawia kidogo kwenye lile doa la hina. Akaachia. Iliuma, na alikuwa radhi iume.

Saa sita kasoro dakika kumi alimwandikia Leonia: *Mwambie wa Nzega arudi salama. Printa ni yangu, natuma sasa hivi.*

*

Wengine walitangulia. Batuli alikuwa anafunga begi lake Adinani alipomfikia, akasimama kwa mbali kidogo, mikono nyuma.

"Hujaifuta."

"Sijaifuta. Ukitaka nitaifuta sasa hivi, mbele yako. Wanawake wangu nawaambia hivyo hivyo. Ukiiacha, haitaonwa na mtu."

"Na nitajuaje kama haitaonwa?"

"Utajua kama wanavyojua wao," Batuli alisema. "Kwa neno langu. Lingine sina."

Adinani alipitisha kiganja kwenye ndevu, akakiangalia kiganja, akakishusha.

"Usiifute," alisema hatimaye. "Nimefanana na baba. Sikujua kama nimefanana naye kiasi kile." Akakohoa. "Hiyo printa yako ikifika, nichapie moja. Ndogo. Ila studio usiilete, vijana wangu wale... Nitaifuata mwenyewe Mtendeni."

Batuli alimtazama mwenye studio aliyeogopa kabati lake mwenyewe. Huruma ilimjia, hakuikataa, lakini hakuiacha imfanyie maamuzi.

"Nitakuchapia," alisema. "Ukishatoka kwa Bi Tunu. Unaanzia kwake, unamwambia ulichomfanyia Shamila, unaomba radhi kwa mdomo wako kabla hujaulizwa. Kama tunavyofungua lenzi. Nyumba unaijua."

Adinani alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu.

Batuli akavaa begi begani. Lilikuwa jepesi kuliko alivyolizoea. Akapiga hatua mbili, akasimama, akageuka.

"Halafu asubuhi sikukuamkia vizuri. Shikamoo."

Njia yote ile ya misafara ilikuwa tupu, hakuna wa kumsikia. Adinani alivuta kofia mbele, akairudisha nyuma.

"Marahaba," alisema.